Kwa nini mnara wa ndege haubadilishiwi mfumo kwa usiku mmoja?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Naishi Charlotte, North Carolina, nashughulika na mifumo ya kompyuta ya benki. Sisi tunahamisha wateja kwenda mfumo mpya usiku wa Jumamosi, na Jumatatu kazi inaendelea. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wanapeleka mfumo mpya wa kupanga mtiririko wa ndege kwenye minara ya kuongozea ndege, mnara kwa mnara, miaka inakatika. Wanakwama wapi? Halafu juzi rubani alitutangazia kwamba tumepewa muda wa kuondoka, tukakaa getini tu. Huo ndio ufanisi? Na muda huo ukipita inakuwaje?

JIBU: Marahaba. Nianze na geti. Kukaa pale ndiyo faida yenyewe. Barabara ya kurukia ina idadi yake ya ndege kwa saa. Ndege zote zikitoka getini kwa mkupuo hakuna itakayoruka mapema zaidi, zitakwenda tu kupanga foleni huku injini zikila mafuta. Mfumo unapiga hesabu ya foleni kabla haijatokea, kisha unaipa kila ndege muda wa kuingia kwenye njia za uwanja. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, waliufanyia majaribio hapohapo Charlotte kuanzia 2017 hadi 2021, wakawakabidhi FAA, ambao wanausambaza ndani ya mfumo uitwao TFDM.

Hesabu hiyo yote inategemea taarifa moja: ndege itakuwa tayari saa ngapi? Anayejua ni shirika la ndege, si mwongoza ndege. Hapo Charlotte hata eneo la maegesho ya ndege linaongozwa na American Airlines, na FAA wanapokea ndege inapotoka humo. Shirika likitaja saa 2:10 wakati mizigo bado inapakiwa, nafasi ile kwenye foleni imepotea. Kwa hiyo kabla ya kufunga kompyuta hata moja, lazima mashirika yakubali kutoa muda wa kweli, na kuurekebisha kila unapobadilika. Kwa maoni yangu hiyo ni ngumu kuliko programu yenyewe.

Sasa mnara. Miaka yote kila ndege imekuwa na stripu yake: kipande chembamba cha karatasi chenye jina la safari, aina ya ndege, njia na namba ya kuitambua kwenye rada, kilichopachikwa kwenye kishikio cha plastiki. Mwongoza ndege wa ardhini akimkabidhi stripu mwenzake wa barabara ya kurukia, amemkabidhi na dhamana ya ndege ile. Stripu iliyowekwa upande maana yake kuna jambo halijakamilika. Gari likiingia kwenye barabara ya kurukia, mwongoza ndege anaweka alama nyekundu mbele yake mwenyewe ili mkono usisahau hata kama akili imehama. TFDM inahamishia hayo kwenye skrini. Mnara wa uwanja wa Phoenix, Arizona, ulikuwa wa kwanza kuanza, mwaka 2022. Mhandisi akidhani stripu ni data tu, ataondoa kwa bahati mbaya kinga ambayo haikuandikwa popote. Ndiyo maana waongoza ndege wenyewe hukaa na watengenezaji tangu mwanzo, na kila mnara hutengenezewa ramani na taratibu zake.

Kuhusu muda, FAA walishaonja shubiri. ERAM, mfumo wa vituo 20 vinavyoongoza ndege zilizo safarini, ulipangwa ukamilike 2010. Kwenye majaribio Salt Lake City ulionekana kubandika taarifa za ndege moja kwenye ndege nyingine. Ulikamilika 2015. Muamala wa benki ukikosewa unaurudisha. Ndege iliyo angani huwezi kuiambia isubiri Jumatatu.

Kwa hiyo utaratibu ni wa polepole makusudi. Mfumo mpya hupokea data halisi bila kuongoza chochote, watu wakilinganisha majibu yake na ya ule wa zamani. Kisha unatumika usiku, ndege zikiwa chache, wa zamani ukiwa bado unapumua pembeni. Ulaya mara nyingi huenda mbali zaidi: kituo kinapobadilisha mfumo hupunguza kwanza idadi ya ndege zinazoruhusiwa kupita, wiki kadhaa. Abiria hulalamika, na wana haki, lakini ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Muda ukipita? Inategemea ni muda gani. Kama ni ule wa kupunguza msongamano kwenye uwanja mnakokwenda, Marekani huruhusu dakika 5 kabla au 5 baada. Ulaya ni 5 kabla na 10 baada. Mkishindwa kuwahi, mnara huomba muda mwingine, na mnaweza kurudishwa nyuma sana iwapo hali ya hewa kule ni mbaya. Kama ni ule wa foleni ya hapohapo uwanjani, kwa kawaida unahesabiwa upya tu, mradi shirika liwe limetoa taarifa kabla muda haujafika.