Nasoma mazingira, nyumbani Bwera: nianzie wapi kutafuta kazi?

SWALI: Habari mkubwa. Nasoma sayansi ya mazingira, namaliza mwaka wa pili, nyumbani ni Bwera huko Kasese. Wenzangu kila wiki wanakusanya vyeti vya semina za onlaini, naona kama nabaki nyuma. Mimi nataka zile kazi za kutathmini athari za miradi, zile ripoti zinazopelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Nijifunze programu gani ya ramani, na intanshipu niombe wapi? Halafu Kiswahili nikiandike kwenye sivii ama ni kujaza nafasi tu?

JIBU: Nzuri mdogo wangu, karibu. Nianze na hayo mavyeti maana naona ndiyo yanakunyima usingizi. Mimi kazi yangu ni hizo hizo ripoti, na tukitafuta kijana wa kwenda naye fildi naletewa sivii zinafanana kama mapacha, semina ya tabianchi, semina ya uongozi, semina ya kaboni, mtu ana vyeti kumi na tano lakini ukimuuliza umewahi kupima nini, wapi, kwa muda gani, anakuangalia tu. Hata mimi nikiwa mwanafunzi nililipia mafunzo ya wikendi moja hotelini, pesa ya kula mwezi mzima ikaenda hapo, nikarudi na cheti cha rangi ya dhahabu na soda tumboni. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuniambia hebu nikione.

Sasa elewa kwanza ripoti inatengenezwaje ndio ujue mlango wako ni upi. Anayeongoza tathmini na kuisaini lazima awe mtaalamu aliyesajiliwa, sheria ya mazingira ya 2019 imelishika hilo sana, kwa hiyo wewe mwanafunzi huwezi kusaini kitu na mtu asikudanganye. Lakini ndani ya ripoti kuna sehemu tunaita beslaini, yaani hali ya mahali kabla mradi haujaanza: maji yakoje, udongo, ndege, miti, watu wanachota maji wapi, makaburi ya familia yako upande gani. Hiyo ndiyo inakula siku na mafuta ya gari, na huyo mkubwa aliyesajiliwa magoti yake hayataki tena kushuka mtoni mara nne kwa siku. Hapo ndipo vijana wanaingia. Ukija na namba zako mwenyewe, za mahali pamoja, zilizofuatwa miezi kadhaa, mimi vyeti sikuulizi.

Na wewe umekaa karibu na mali bila kujua. Panda taxi mpaka Kasese mjini, pale pana mto Nyamwamba. Unashuka kutoka Rwenzori, unapita Kilembe kwenye ule mgodi wa shaba wa zamani ambao uzalishaji wake ulisimama miaka ya 1980 mwanzoni, masalia ya mgodi bado yamelundikana kando ya mto, unapita mjini, halafu unaenda kumwaga ziwa George, na ziwa George ndilo eneo la kwanza la Uganda kuingia kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, 1988. Mafuriko ya 2013 na ya 2020 nadhani nyumbani kwenu mnayakumbuka vizuri kuliko mimi. Yani mto mmoja una mlima, mgodi, mji, mafuriko na ziwa la kimataifa, watu wanatoka Ulaya kuja kuusoma na wewe unaupita ukienda kununua viatu.

Chagua vituo vitatu: juu ya mgodi, chini ya yale malundo, na chini ya mji. Cha nne karibu na ziwa kingekuwa kizuri lakini huko ni hifadhi ya Queen Elizabeth, bila ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori, usiende, na viboko hawaulizi kitambulisho cha chuo. Kila mwezi, tarehe ile ile, saa ile ile kama unaweza, pima joto la maji na pH, na uangavu wa maji kwa kutumia bomba la plastiki angavu lenye alama nyeusi na nyeupe chini, unalijaza maji, halafu unayapunguza taratibu, unaandika ni sentimita ngapi alama inaanza kuonekana. Halafu pindua mawe uangalie vijidudu. Kuna njia inaitwa miniSASS, ilitoka Afrika Kusini, inagawa wadudu wa majini kwenye makundi 13, kila kundi lina alama yake kulingana na linavyovumilia uchafu, unajumlisha alama za makundi uliyoyaona unagawanya kwa idadi ya hayo makundi, basi. Unahitaji wavu, sahani nyeupe na gambuti. Ila angalia hapa, zile alama zilipangwa kwa mito ya kusini, kwa hiyo usiandike kwamba Nyamwamba ni "mbaya sana" kwa sababu jedwali limesema, wewe linganisha kituo cha juu na cha chini, hiyo tofauti ndiyo habari yako. Watanzania walishatengeneza ya kwao, inaitwa TARISS, isome uone walibadilisha nini na kwa nini. Shaba na kobalti usijaribu kupima kwa vijikaratasi vya rangi, hiyo ni kazi ya maabara, andika wazi kwamba hukupima. Ripoti inayosema ilipoishia mimi naiamini.

Na kabla hujakanyaga mtoni nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, msalimie, mweleze, acha namba. Kijana anayeinama mtoni na chupa na kuandika kwenye daftari watu wanajua amekuja kupima viwanja.

Programu: QGIS, ni ya bure, inakubali hata laptopu ya kizee. Ile ya kulipia utaikuta ofisini, ukijua moja nyingine unaizoea. Kwenye simu weka KoboToolbox, fomu unajaza bila mtandao, ukifika kwenye waifai inatuma yenyewe. Picha za setilaiti usinunue kwa mtu, Sentinel-2 ni bure, kila pikseli mita 10, inapita kila baada ya siku tano, na Landsat ina picha tangu 1972 ingawa zile za mwanzo ni ukungu mtupu. Shida ya kwenu ni mawingu, Rwenzori inajifunika kama bibi harusi, kwa hiyo jifunze na Sentinel-1 ambayo ni rada, yenyewe inaona kupitia mawingu.

Ila kitu kinachoangusha wengi si programu, ni kodineti, na kwenu ndio balaa lenyewe. UTM ni mfumo wa ramani unaogawa dunia kwenye zoni na kupima kwa mita, na kwenu mstari unaogawa zoni ni longitudo 30. Kasese mjini iko mashariki yake kidogo, zoni 36, Bwera iko magharibi, zoni 35. Juu ya hapo ikweta inakata wilaya yenu, pale Kikorongo, kwa hiyo kuna kaskazini na kusini pia. Wilaya moja, vipande vinne! Nimeona ramani ya kijana ambayo nusu ya vituo vyake vimeangukia nchi nyingine kabisa na yeye ameshaiprinti kwa rangi. Tena zile ramani za zamani za topografia zimechorwa kwa Arc 1960 wakati simu yako inatoa WGS84, hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kuanzia vipimo, ukizichanganya bila kubadilisha kila kitu kinahama kama mita 300, mto unapita juu ya kilima. Kwa hiyo fildi rekodi latitudo na longitudo za desimali, kugeuza kwenda UTM fanya baadaye ndani ya QGIS, na kwa Nyamwamba chagua mfumo wenye namba EPSG 32636, yaani WGS84 zoni 36 kaskazini. Ukinieleza hilo kwenye intavyuu, kazi umeipata nusu.

Intanshipu sasa. Kila mtu anakimbilia NEMA makao makuu, UWA na mashirika yenye magari meupe, sikukatazi, omba, lakini foleni ni ndefu na unaweza kumaliza miezi miwili unapanga mafaili. Mimi ningeenda wilayani, kwa afisa mazingira. Hawana pesa, mara nyingi hata mafuta ya pikipiki ni shida, chakula utabeba mwenyewe, lakini ofisi ni ya watu wawili watatu, kwa hiyo utaenda kukagua machimbo ya mchanga, utakaa kwenye kikao mtu anabisha mpaka wa kinamasi, utaona ripoti za washauri zikiletwa na utasoma nzuri na mbovu. Hizo mbovu zisome mara mbili. Kama roho yako iko kwenye utafiti zaidi kuliko ripoti, basi kituo cha Makerere kule Kanyawara ndani ya Kibale, ama ITFC, kituo cha utafiti wa misitu pale Ruhija Bwindi, na Tropical Biology Association nao wamekuwa wakiendesha kozi za fildi Kibale zenye ufadhili kwa Waafrika.

Kiswahili kiandike, tena juu, siyo mwisho chini ya "kusikiliza muziki". Kambi za wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali zimejaa Wakongo, na huko kuna kazi nyingi za kuni, majiko na kupanda miti, afisa anayehitaji mkalimani anagharimu mara mbili. Na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaenda mpaka Tanga, kilomita 1,443, kipande kikubwa kiko Tanzania ambako kikao cha kijiji ni Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Wewe wa Bwera unaongea Lukonzo, Kiswahili na Kiingereza, sasa unaogopa wenye vyeti vya nini?

Barua ya wilaya ielekeze kwa CAO, yaani ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, nakala kwa afisa mazingira, na uipeleke mwenyewe kwa mkono mwezi wa tatu hivi. Wanaosubiri mpaka mwezi wa sita wanakuta meza imejaa.