Anzia Georgia, mkuu

Mkuu, umeuliza safari ya kuujua utamaduni wa mvinyo ianzie nchi gani. Kwangu mimi ni Georgia, hasa jimbo la Kakheti. Kule zabibu zikishakamuliwa, juisi humiminwa pamoja na maganda na mbegu zake ndani ya qvevri, mtungi mkubwa wa udongo uliofukiwa ardhini hadi mdomoni, ikachachuka humohumo. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2013.

Ila usiishie kuonja tu! Tafuta mwaliko wa supra, karamu inayoongozwa na tamada, yaani msemaji wa karamu anayetoa maneno ya heri: kwa desturi, watu hunywa akishasema neno lake, na katikati ya chakula nyimbo za sauti tatu hupamba moto. Ufaransa nenda baadaye, na ukifika Bordeaux pitia makumbusho ya Cité du Vin.