Saa nane ya seva si saa nane yetu

Nyie mnaoanza kazi ya seva, nianze na aibu yangu. Mwezi wangu wa kwanza kwenye kampuni moja ya utalii hapa Arusha niliambiwa, "Bakapu (nakala ya akiba ya data) iende saa nane usiku." Nikafungua cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, nikaandika 0 8 * * *, yaani kila siku dakika 0 ya saa 8. Nane si nane? Kumbe cron inaanza kuhesabu saa sita usiku, ndiyo sifuri yake. Saa nane yetu kwake ni 2. Halafu seva yenyewe ilifuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Basi bakapu ikaamka saa tano asubuhi, mwezi wa Julai, ofisi imejaa wageni wa Serengeti, mfumo ukaganda. Mnara wa Saa pale mjini hauisaidii seva. Andika amri ya date kwanza uone inaishi saa ngapi.

Nikarekebisha, nikaweka 23, ikawa saa nane usiku kweli. Malalamiko hayakuisha. Saa hiyo New York ndiyo jioni, watu wametoka kazini, wanachagua safari na kulipa. Usiku wa Arusha si usiku wa mteja. Nilichopaswa kufanya tangu mwanzo ni kusoma logi (kumbukumbu za seva) za wiki nzima na kutafuta saa yenye maombi machache ya wateja. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na kwa UTC hiyo ni 2. Nilicheka peke yangu.

Kuhusu nani atangulie: msiweke kazi zote dakika moja. Kanzidata ya malipo na buking iende kwanza, maana ni ndogo na ikipotea hakuna wa kukuandikia upya. Mikataba ifuate. Picha za simba na tembo, ambazo ndizo zinazokula diski, zisubiri mwisho. Wapiga picha wengi wana nakala zao.

Kazi nzito ipeni nice 19, kipaumbele cha chini kabisa, ili iachie prosesa kila mwenye haja. Lakini nice kazi yake hasa ni prosesa, haitoshi kuilinda diski, na mara nyingi diski ndiyo inayobanwa. Hapo mnatumia ionice daraja la 3, isome pale tu diski inapopumzika, ingawa kuna vipanga zamu vya diski visivyoijali amri hiyo. Ijaribuni kabla ya kuitegemea. Ongezeni flock, amri ya kufunga mlango: bakapu ya jana ikiwa bado inajikokota, ya leo isiingie juu yake. Niliwahi kukuta tatu zikipigania diski moja.

Na umeme, mnaujua. Seva ya ofisini ikizimika alfajiri, cron haikumbuki deni. Ikiwaka tena inasubiri kesho. Kazi za kila siku zipelekeni anacron, itakayozifanya mashine ikirudi. Ila ipeni dakika kadhaa za kuchelewa, la sivyo umeme ukirudi saa tatu asubuhi bakapu itaanza sambamba na wahasibu.