Zima sauti kwanza

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, tasnifu yangu juu ya mwongozaji wa filamu imerudishwa mara ya pili. Nifanyeje?"

Pole, mdogo wangu. Yangu ilirudishwa na maneno ya kalamu nyekundu ukurasa wa kwanza: "Wewe ni mwanafunzi au msemaji wake?" Msimamizi aliyasoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Miaka imepita, bado yananichoma.

Nilikuwa naandika juu ya mwongozaji wa Kiitaliano, Pier Paolo Pasolini, na *Appunti per un'Orestiade africana*, filamu ya 1970 aliyoipiga Uganda na Tanzania. Niliichagua kwa sababu Kigoma imo, Dar es Salaam imo, na Dodoma kwetu imo. Pasolini alitaka kuileta Afrika ile michezo mitatu ya kuigiza ya Aeschylus, Mgiriki wa kale: Orestes anamuua mama yake kulipiza kisasi cha baba, mizuka ya kisasi inamwandama, mpaka mungu wa kike Athena anaunda mahakama na mizuka inageuka kuwa ya heri. Nia yake anaitamka mwenyewe humo ndani: Afrika iliyojitawala juzijuzi inapita njia hiyohiyo, kutoka maisha ya kikabila kwenda demokrasia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anakifanya hekalu la Apollo, mungu wa Wagiriki. Nami nikayanakili yote, kurasa arobaini, kama karani wa baraza. Kusikiliza nilisikiliza, kutazama, hapana.

Likizo hiyo nikaenda Dodoma, nikamwonesha shangazi kipande cha Wagogo wanaocheza ngoma. Spika za laptop zilikuwa zimekufa, kwa hiyo hakukuwa na ngoma wala Mwitaliano. Shangazi akasogeza kiti, akavaa miwani, akatazama miguu yao kimya kwa muda mrefu.

"Hawa wako kwenye shughuli gani?"

Sikujua. Nikamweleza asemavyo Pasolini, kwamba zamani ngoma hii ilikuwa na maana ya kidini, sasa wanaicheza kwa furaha tu.

"Kamuuliza nani?"

Nikarudia filamu nzima bila sauti. Pasolini anaweka picha za vita vya Biafra, kule Nigeria, zisimame badala ya vita vya Troia vya hadithi za Kigiriki. Ukiwa na sauti, unaikubali Troia. Ukiizima, Troia inatoweka, wanabaki watu halisi wa Biafra na maiti halisi. Mwanzoni kabisa yupo yeye na kamera yake, wamejitokeza kwenye kioo cha duka. Mara ya kwanza niliandika kwamba huo ni unyenyekevu. Siku hizi nauliza tu, mbele ya kioo kile yuko nani mwingine?

Anaowauliza kweli ni wanafunzi Waafrika, kule Roma. Anawaonesha alichopiga, nao wanambishia: Afrika si kitu kimoja cha kusemewa kwa mkupuo, na hilo neno kabila linawakera. Na hakukata! Aliketi kwenye uhariri akayaacha maneno yanayoipinga nia yake. Hapo ndipo nikampenda upya, maana filamu ina akili kuliko hotuba ya mwenye filamu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, zima sauti. Nia ya mwongozaji iandike kwenye karatasi, ifungie kabatini, halafu zima sauti tena. Mwongozaji ni shahidi, naye ana maslahi katika kesi. Vijana mmekuwa wavivu, mnasoma mahojiano matatu ya mtandaoni mnayaita uchambuzi, kisha mnalia msimamizi ana roho mbaya. Wengine wanayo kweli, lakini tazameni filamu!

Mwezi huu jarida moja limeikubali makala yangu. Inaanza na swali la shangazi, neno kwa neno. Nakala nimemtumia yule msimamizi kwa WhatsApp. Tiki mbili za bluu, tangu Jumatatu.