Roth ya mlango wa nyuma: usilipe kodi mara mbili kwa sababu ya Fomu 8606

Roth ya mlango wa nyuma ni kuweka fedha kwenye IRA ya kawaida (akaunti ya Marekani ya akiba ya kustaafu) bila kudai punguzo la kodi, kisha kuzihamishia Roth (IRA ya fedha zilizokwisha kutozwa kodi). Dola 7,000 ulizopitisha hivyo zilikwisha kukatwa kodi kwenye mshahara. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haijui hilo mpaka uieleze, na pa kuielezea ni Fomu 8606.

Ukishahamisha, Januari inayofuata utapata Fomu 1099-R, taarifa ya fedha zilizotoka kwenye IRA yako, na hapa ndipo wengi hushtuka. Kisanduku 1 kina kiasi ulichohamisha. Kisanduku 2a kwa kawaida hurudia kiasi kilekile, kana kwamba chote kinatozwa kodi. Angalia 2b: kimewekewa alama kuwa kiasi cha kutozwa hakijakokotolewa. Kampuni inayotunza akaunti haijakosea. Haina njia ya kujua kama ulidai punguzo, kwa hiyo hesabu imekuachia wewe.

Tuseme mwaka 2025 uliweka 7,000, zikazaa dola 12, ukahamisha 7,012, na huna IRA nyingine. Kwenye 8606, mstari wa 1 ni 7,000, wa 16 ni 7,012, wa 17 ni 7,000 na wa 18 ni 12. Mstari wa 14, unaobeba fedha zilizokwisha kulipiwa kodi kwenda mwaka ujao, ubaki sifuri. Kwenye Fomu 1040, yaani ritani yako ya kodi, mstari wa 4a uwe 7,012 na wa 4b uwe 12. Ukiona 4b inasoma 7,012, usitume. Mara nyingi programu ya kujazia ritani imepewa 1099-R lakini haikuambiwa kuhusu mchango wenyewe, kwa kuwa huyauliza mambo hayo mawili kwenye kurasa tofauti.

Linaloumiza zaidi ni mstari wa 6. Hapo unaandika salio la IRA zako zote zisizo za Roth, pamoja na SEP na SIMPLE (IRA za kupitia kazi au biashara), la tarehe 31 Desemba. Ukiwa na 63,000 zisizowahi kutozwa kodi, ukaweka 7,000 zilizokwisha kutozwa na ukahamisha 7,000, jumla ni 70,000. Ulizokwisha kulipia kodi ni asilimia 10 tu. Basi 700 zitapita bure na 6,300 zitatozwa. Huwezi kusema umehamisha zile "safi" peke yake. Tena, anayehamisha Februari halafu akabadili kazi na kuhamishia 401(k) ya zamani (akiba ya kustaafu ya kupitia mwajiri) kwenye IRA mwezi Novemba, ameshaiharibu hesabu ya Februari. Dawa yake ni kuzipeleka fedha hizo kwenye 401(k) ya mwajiri wa sasa, ikiwa mpango wake unazipokea, kabla mwaka haujaisha. Kurudisha nyuma uhamisho wa Roth hakuruhusiwi tangu 2018.

Mchango wa 2024 uliowekwa Machi 2025 huenda kwenye 8606 ya 2024: mstari wa 1, wa 3 na wa 14, basi. Uhamisho huhesabiwa mwaka uliofanyika, kwa hiyo huenda kwenye fomu ya 2025, na zile 7,000 zinaingia mstari wa 2. Aliyesahau fomu ya kwanza hufika ya pili mikono mitupu.

Mume na mke kila mmoja ana 8606 yake, hata wakiwasilisha ritani moja.

Uliisahau miaka ya nyuma? Iwasilishe sasa. Faini ya kutoiwasilisha ni dola 50, na husamehewa ukiwa na sababu ya msingi. Kama ulilipa kodi isiyostahili, iambatanishe na 1040-X, fomu ya kurekebisha ritani. Kwa kawaida una miaka 3 tangu ulipowasilisha ritani ile kudai fedha zako.