Mtoto amelala, mama yu macho

SWALI: Nilijifungua wiki 7 zilizopita. Mtoto akishalala, mimi hubaki macho nikisikiliza anavyopumua, na mara nyingine humwekea kiganja kifuani ili kuhakikisha kwamba yu hai. Imekuwa hivyo kwa wiki 3 sasa, na mama mkwe huniambia nitazoea. Je, ni kweli?

JIBU: Dada mpendwa, pole sana. Kuamshwa na mtoto ni kawaida kwa kila mzazi. Kukosa usingizi ilhali mtoto mwenyewe amelala fofofo ni jambo jingine, nami nisingependa ulichukulie kuwa la kuzoea tu. Baada ya kujifungua, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka ghafla, na hofu ya kumpoteza mtoto huufanya mwili ukae chonjo hata unapoishiwa nguvu kabisa.

Mwombe mwenzako, au huyo mama mkwe, ashike zamu ya mtoto katika chumba kingine, ili upate saa 4 au 5 mfululizo bila jukumu la kusikiliza. Acha kahawa kuanzia mchana, na usimeze dawa ya usingizi bila kumwuliza daktari, hasa ikiwa unanyonyesha.

Kwa kuwa wiki 3 zimepita, mweleze daktari au mkunga waziwazi, maana huenda ni sonona (ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu) au wasiwasi wa baada ya kujifungua, na hali zote mbili hutibika. Lakini ukikesha bila hata kuhisi haja ya kulala, ukasikia sauti wasizozisikia wengine, au ukajiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiende peke yako.