Maswali yenu: flashi ni tarishi, si ghala

Shikamoo. Nina kompyuta ya shuleni na laptopu ya nyumbani, nahamisha mitihani kwa flashi. Sasa nina "mtihani mwisho", "mtihani mwisho 2" na "mtihani mwisho KABISA", na sijui ni upi niliousahihisha jana. (Mwalimu, Mbagala)

Marahaba, Mwalimu. Mimi niliwahi kuchapisha "KABISA" nakala arobaini, kumbe iliyosahihishwa ni "2". Dawa yake ni Git, programu ya bure aliyoiandika Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux. Waandika programu wameishika kama mali yao, lakini mtihani wa Kidato cha Pili nao ni faili tu. Faili inabaki na jina moja, Git inakumbuka ilivyokuwa juzi na jana.

Sakinisha Git kwenye kompyuta zote mbili. Chomeka flashi, tuseme imesoma E, ufungue dirisha la amri, uandike `git init --bare E:/kazi.git`. Neno `bare` usiliache: linafanya flashi ibebe historia peke yake, bila faili za kufungua, hivyo hutapata kishawishi cha kuhariri mtihani humo humo. Nyumbani andika `git clone E:/kazi.git`, ingiza mitihani kwenye folda ya "kazi" itakayotokea, kisha ukiwa ndani yake andika `git add -A`, `git commit -m "mwanzo"` (kuhifadhi toleo) na `git push` (kulisukuma kwenye flashi). Mara ya kwanza itagoma mpaka uitajie jina na baruapepe. Namna ya kuvitaja inakuonyesha yenyewe. Shuleni anza na `git clone` ile ile, ukibadilisha herufi kama huko flashi inasoma F.

Kuanzia hapo, ukifika mahali unaandika `git pull` ndani ya folda ya "kazi", kuvuta yaliyo kwenye flashi. Kabla ya kuchomoa, rudia zile amri tatu, `add`, `commit` na `push`, na badala ya "mwanzo" andika ulichofanya: "nimeongeza swali la 7". Usiandike "mabadiliko". Baada ya mwezi utajishukuru.

Hii inakula bando? (Tandika)

Ukishaipakua na kuisakinisha, hapana. Hata intaneti ikikatika mtaa mzima, wewe unaendelea.

Nimefuata maelekezo lakini Git inalalamika "dubious ownership". Flashi imeharibika? (Mwanafunzi, Ubungo)

Nzima. Flashi nyingi ziko katika mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32 au exFAT, ambao hauandiki faili ni ya nani. Tangu toleo la 2.35.2 la mwaka 2022, Git inakataa kufanya kazi kwenye folda isiyojua mwenyewe. Chini ya malalamiko hayo imekuandikia amri yenye maneno `safe.directory`, inakili kama ilivyo, mara moja kwa kila kompyuta.

Nilisahau kuvuta mabadiliko, nikahariri ripoti ile ile ya Word ofisini na nyumbani. Sasa `git push` inakataliwa. (Dada wa Kimara)

Dada, hapo ndipo wengi hukata tamaa wakarudi kwenye "KABISA". Git inakataa ili kazi ya upande mmoja isifunikwe na ya upande wa pili. Ingekuwa maandishi matupu, ingelinganisha mstari kwa mstari na kukuachia pale tu mnapogongana. Faili ya Word kwake ni furushi lililofungwa. Haiwezi kulichanganya na jingine.

Fanya hivi. Hakikisha ulichonacho umeshakiwekea `commit`, kisha inakili ripoti yako pembeni, nje ya folda. Andika `git pull --no-rebase`. Itakwambia kuna mgongano. Andika `git checkout --theirs ripoti.docx`, upate iliyotoka kwenye flashi. Sasa zifungue zote mbili katika Word na utumie kile kipengele chake cha kulinganisha nyaraka, uhamishe yaliyo yako. Hifadhi, halafu zile amri tatu. Ni robo saa ya kuchosha, sikufichi. Ndiyo maana mimi huandika rasimu kwa maandishi matupu, Word naiita mwishoni kupamba.

Naweza kuweka na video za harusi? (Sinza)

Usiweke. Git haisahau: ukifuta video leo, historia bado inaibeba, na flashi itajaa ukiitazama. Tena kwenye FAT32 faili moja haivuki GB 4. Video nakili kwa mkono kwenye diski ya nje.

Flashi imeniponyoka kwenye mwendokasi. Nimekwisha? (Mwalimu yule yule, Mbagala)

Pole sana, Mwalimu. Historia hujaipoteza, kwa sababu kila kompyuta uliyofanyia `clone` inayo yote hadi mara ya mwisho ulipovuta au kusukuma. Nunua flashi nyingine (duka linalokubali uijaribu kwanza, maana Kariakoo kuna zilizoandikwa GB 64 na ndani hazifiki popote), simama nje ya folda yako, uandike `git clone --bare kazi E:/kazi.git`.

Kinachonitia wasiwasi ni aliyeiokota. Akijua Git, mitihani yako anayo yote, hata ile uliyofuta. Badilisha maswali ambayo hayajafanywa. Flashi mpya ifunge kwa VeraCrypt, programu ya kufunga data kwa nenosiri, kabla ya kuweka chochote, ila uliza kwanza shuleni, kwani kwenye Windows inataka ruhusa ya msimamizi wa kompyuta.